Saturnini Lipande, Askari Aliyewapigia Hodi Wafungwa Wetu

Tarehe 30 Juni 2025 Sajini Meja Saturnini Lipande anavua sare baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, ishirini na mitatu kati ya hiyo akiwa hapa hapa Gereza la Kilimo Namkwinde. Alifika Nachingwea akiwa koplo mwembamba mwenye sanduku la bati, akifuatana na mkewe Albina aliyekuwa na mimba ya mtoto wao Eva. Anaondoka akiwa babu, na nywele zake zimebaki pembeni tu.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wengi mliopo. Iliniomba pia nichangamshe. Nilipomweleza mwenyewe, alicheka, kisha akaniambia, "Sabaha, usiwadanganye watu siku yangu ya mwisho. Andika ilivyokuwa." Kwa hiyo nitaandika ilivyokuwa, na penye kuchekesha nitawaonyesha.

Afande Lipande ni Mmakua wa Masasi, mtoto wa seremala aliyekuwa akitengeneza mabenchi ya kanisa. Aliijua randa kabla hajaijua bunduki. Gwaride analiweza, lakini nyimbo hazimkubali. Hajawahi kuumaliza wimbo katika sauti aliyoanzia, na kwenye kwaya ya kambi alipewa kazi ya kushika funguo za ukumbi ili awe na shughuli nje.

Alipofika, Namkwinde haikuwa kama wanavyoiona vijana wa leo. Bweni lililojengwa kwa ajili ya watu arobaini lilikuwa likilaza zaidi ya mia. Wafungwa walilala mchongoma, kila mtu kwa ubavu, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na hakuna aliyegeuka mpaka nyapara atoe amri wageuke wote. Asubuhi walikwenda kwenye mikorosho, jioni walihesabiwa, wakafungiwa. Wengine walikohoa usiku kucha, nasi tulizoea kikohozi kile kama tunavyozoea mvua juu ya bati. Kwetu sisi askari kazi ilikuwa moja, asitoroke mtu. Mtu akimaliza kifungo chake akatoka, tulikuwa tumemaliza naye.

Afande Lipande ndiye aliyeomba stoo ya magunia igeuzwe karakana ya useremala. Kwanza alikataliwa, baadaye akaachiwa ili anyamaze. Kiti cha kwanza kilichotoka mle alikalishwa mgeni kutoka mkoani, kikaachia miguu yote kwa pamoja, na mgeni akajikuta chini na chai yake kifuani. Wafungwa waliinamisha vichwa wakitetemeka kwa kucheka, huku wakingoja kipigo. Lipande alimwinua mgeni, akakitazama kile kiti, akasema, "Gundi haijakauka," kisha akacheka mwenyewe. Waliokuwepo walisimulia kwa miaka kwamba siku hiyo walimwona askari akicheka pamoja nao, si kuwacheka wao. Viti vilivyofuata vilisimama. Madawati ya shule kadhaa za Ruangwa na Nachingwea yametoka katika karakana ile.

Humo ndimo alimopatikana Bilali.

Bilali alikuwa kijana wa Mbekenyera. Aliletwa mwaka 2009 kwa kosa la kuua bila kukusudia, na aliyemuua ni mdogo wake, Swalehe. Baba yao alikuwa ameacha mikorosho isiyogawanywa. Siku moja walibishana shambani juu ya mpaka, Bilali akampiga mdogo wake kwa mpini wa jembe, mara moja tu, na Swalehe hakufika hospitali akiwa hai. Bilali mwenyewe ndiye aliyekuwa amembeba mgongoni hadi barabarani.

Kwa muda mrefu hakuzungumza na mtu. Lipande alimchukua karakana, akampa randa na ubao, hakumuuliza lolote. Baada ya miezi mingi Bilali alimwuliza namna ya kupanga bawaba za mlango, na tangu hapo walikuwa wakiongea, ingawa ni habari za mbao tu. Alikuja kuwa fundi wa milango kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Hakupigana, hakuiba, hakutukana. Katika miaka yote minane hakutembelewa na mtu.

Ulipobaki mwaka mmoja atoke, Afande Lipande aliomba ruhusa ya kwenda Mbekenyera. Alinichukua mimi kwa sababu ni mzaliwa wa Nkowe na Kimwera ni lugha yangu, naye aliambiwa kwamba mama wa Bilali Kiswahili chake ni cha sokoni. Tulikwenda kwa pikipiki, yeye amevaa shati la kiraia. Alikwisha kujifunza kwamba sare ikionekana mwanzo wa kijiji, wanaume wote wanakuwa wamekwenda shamba.

Tulimkuta Bi Mwantumu uwanjani akipepeta ufuta. Nyumba yake ilitazamana na ya Hadija, mjane wa Swalehe, aliyekuwa akiishi hapo na watoto wake. Lipande alivua kofia, akakaa mkekani.

"Mama," alisema, "Bilali anatoka mwakani. Amejifunza useremala, na tabia yake ni nzuri. Nimekuja kukuuliza kama atapokelewa hapa."

Nilitafsiri. Bi Mwantumu aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki na ufuta mtupu. Kisha akasema kwa Kimwera, nami nikamweleza Lipande, "Anasema mmemfundisha kutengeneza milango, vizuri. Na mlango wa Hadija ataupitaje?"

Hadija alikuwa amesikia. Alitoka jikoni akijifuta mikono, akasema kwa Kiswahili, "Mimi sina ugomvi na serikali. Kama mnamwachia, mwachieni. Lakini siku akiingia uwanja huu mimi natoka na wanangu, na bibi yao hatawaona tena."

Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Bi Mwantumu aliwatazama wajukuu zake waliokuwa wakichezea makapi ya ufuta, kisha akaongea taratibu ili nisikosee. "Mwambie nilizaa wawili. Mmoja yuko chini na mmoja yuko kwenu. Hawa ndio nilionao."

Lipande hakubishana. Alimsaidia kufunga gunia, akaaga. Njiani alisimamisha pikipiki mahali pasipo na watu, akasema, "Yule mjane ana haki. Na yule mama ana haki. Mimi nitamwambia nini Bilali?"

Alikwenda tena mara mbili mwaka ule, na jibu likawa lile lile. Bilali alipoambiwa alisema, "Kwani nilikutuma, Afande?" Aliendelea kupiga randa ubao aliokuwa nao mpaka ukawa mwembamba, haufai tena kwa kazi yoyote.

Alitoka mwaka 2017 akiwa na cheti cha ufundi, nguo alizokuja nazo na nauli ya kufika Ruangwa mjini. Alipata kazi kwa fundi mmoja wa milango na madirisha, na fundi huyo akaridhika naye sana, mpaka siku mteja kutoka Mbekenyera alipoingia akamtambua. Jioni ile ile aliambiwa asirudi. Alipata kibarua cha ujenzi, habari zikamfuata. Alihamia Nachingwea, zikamfuata huko pia. Mwishowe alikuwa akilala kwenye vibaraza vya soko na kukohoa.

Asubuhi moja ya masika nikiwa zamu getini, nilimwona mtu amesimama kwenye mvua bila kujikinga. Sikumtambua mpaka aliponisalimu kwa jina.

"Nimerudi," alisema.

"Umerudi kufanya nini, Bilali?"

"Nataka kuingia ndani. Huku siwezi."

Nilimwita Afande Lipande. Alikuja mbio akiwa na vumbi la mbao mikononi, akamweleza kwa upole kwamba hapa haingii mtu bila hati ya mahakama. Bilali alimsikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa somo.

"Basi nifanye kosa gani, Afande? Nichagulie wewe. Liwe dogo, lisiumize mtu."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimesikia maneno mengi getini. Hayo ndiyo ninayoyasikia mpaka leo. Afande Lipande alimshika mkono, hakumwacha getini, akampeleka moja kwa moja nyumbani kwake kwenye kota za askari. Albina alimkausha, akampa uji, akamtandikia kwenye chumba cha watoto.

Kanuni inakataza askari kuishi na mfungwa wa zamani katika nyumba ya serikali, na si kanuni ya kijinga. Kuna walioitumia nafasi kama hiyo vibaya. Mkuu wa gereza wa wakati ule alimfungulia mashtaka ya nidhamu. Nilikuwepo kama shahidi wa getini.

"Hukuijua kanuni?" aliulizwa.

"Naijua, Afande. Ndiyo ninayowafundisha askari wapya."

"Sasa kwa nini umeivunja?"

"Kwa sababu aliniomba nimchagulie kosa."

Kisha wakaendelea na kesi kama inavyotakiwa, akashushwa kutoka Stafu Sajini kuwa Sajini, na akaamriwa kumwondoa mgeni wake. Hakukata rufaa. Lakini kabla ya siku aliyopewa kufika, Bilali alianza kutema damu, akalazwa.

Ilikuwa kifua kikuu, na kilikuwa kimemla siku nyingi. Daktari aliuliza alikuwa akiishi wapi miaka ya nyuma. Lipande alimjibu bila kuzunguka, "Kwetu. Alilala kwetu miaka minane." Ugonjwa ule Bilali hakuupata kwenye vibaraza vya soko. Aliupata kwenye bweni lile la mchongoma, nasi tulikuwa tumezoea kikohozi. Tulimpa useremala na tukampa kifua kikuu, akatoka getini na vyote viwili.

Lipande na Albina walipokezana kukaa naye wodini. Bilali hakuomba mengi. Mara moja alitaka kujua kama mikorosho ya baba yake bado inazaa, na Lipande, ambaye alikuwa ameiona, akamwambia inazaa. Alifariki alfajiri Lipande akiwa pembeni.

Siku ile ile tulikwenda Mbekenyera tena. Bi Mwantumu alituona tukishuka kwenye pikipiki, akajua. Aliuliza swali moja kwa Kimwera, kwamba Bilali alipokufa nani alikuwa karibu yake.

"Mimi, mama," Lipande alijibu nilipomtafsiria.

Bi Mwantumu alisimama, akajifunga kanga vizuri, lakini hakutoka mahali pale. Alielekeza uso kwenye nyumba ya Hadija, akangoja. Hadija alikuwa mlangoni kwake, mkono umeshika mwimo. Watoto waliacha kucheza.

"Mleteni," Hadija alisema mwishowe. "Sasa anaweza kuingia."

Wanaume wa kijiji walimwosha, wakamsalia, wakamzika upande wa pili wa makaburi, mbali na mdogo wake. Afande Lipande, ingawa si Mwislamu, alisimama nao kaburini akapewa jembe, akatia udongo kama wengine. Tulipokuwa tukiaga, Bi Mwantumu alimkazia macho na kumwambia kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Wewe umechelewa."

Nilidhani anamlaumu kwa kifo, nikataka kumtetea. Lipande alinizuia. Njiani alisema, "Amesema kweli. Nilikwenda kwake ulipobaki mwaka mmoja. Yule mama alikaa miaka saba na maiti ya mtoto mmoja na aibu ya mwingine, hakuna mtu wa serikali aliyepiga hodi kumwuliza hali. Halafu nafika mimi na habari za milango."

Ndugu zangu askari, utaratibu tunaoufuata leo, ule ambao wageni wa semina wanakuja kuuliza tuliutoa wapi, ulianzia kwenye barabara ile ya vumbi. Afande Lipande alirudi kazini na cheo kilichoshuka na akaanza kuomba upya, kwa Mkuu yule na kwa aliyemfuata. Aliomba mambo mawili. La kwanza, mfungwa yeyote apimwe kifua anapoingia na kabla ya kutoka, na mwenye kikohozi atengwe na kutibiwa asingoje. La pili, mtu akishafungwa, asipite mwaka kabla askari hajafika kwao. Na si kwa ndugu zake peke yao, bali pia kwa aliyekosewa, kama anakubali kupokea wageni. Asiende kuomba msamaha wala kumsifia mfungwa. Aende kupiga hodi, asikilize, arudi tena mwaka unaofuata.

Jambo la kwanza lilikubaliwa kwa sababu wakaguzi walilitaka. La pili kwanza lilichekwa. Askari wengine walimwita Posta. Yeye alizunguka kwa mapumziko yake mwenyewe, Nkowe, Mbekenyera, vijiji vyote vya njia zile. Mbuzi wa mtu mmoja alimla kofia. Kwingine aliandaliwa kuku akidhaniwa ni mshenga, na aibu ya kueleza ukweli ilimfanya ale kwanza.

Sitawaambia kwamba milango ilifunguka. Mingi haikufunguka. Mmoja tuliyemsindikiza sisi wenyewe hadi kwa baba yake alirudi ndani kabla ya mwaka kuisha, kwa kosa lile lile. Lakini wapo waliopokelewa ambao zamani wangelala sokoni, na wapo waliojua mapema kwamba hawatapokelewa, wakajipanga kuishi kwingine. Msongamano umepungua, ingawa haujaisha. Kikohozi siku hizi tunakisikia.

Na Hadija alikuja. Lipande alikuwa akimwomba kila mwaka aje aongee na wafungwa, na kila mwaka alikataa, mpaka mwaka 2022 alipofika getini nyuma ya bodaboda bila kututaarifu. Tuliwakalisha wafungwa uwanjani. Alisimama mbele yao akiwa ameshikilia pochi yake kwa mikono miwili.

"Naitwa Hadija," alisema. "Mume wangu aliuawa na kaka yake. Huyo kaka alilala humu mnamolala nyinyi. Sijamsamehe, na amekwisha kufa. Nimekuja mjue mnarudi kwa watu wa namna gani. Tunalima wenyewe, tunaezeka wenyewe, watoto wanatuuliza maswali. Msije na cheti mkononi mkadhani mmemaliza."

Mfungwa mmoja wa nyuma aliomba ruhusa, akasimama. "Mama, sasa tuje vipi?"

Hadija alifikiri. "Sijui," alisema. "Ila msije ghafla."

Aliondoka bila kunywa chai tuliyomwandalia, na hajaja tena. Afande Lipande alimsindikiza hadi kwenye bodaboda. Aliporudi aliingia karakana, na jioni ile hatukumwona kwenye gwaride. Hakuna aliyemwandikia kosa.

Alirudishiwa cheo baadaye, akapanda hadi Sajini Meja, na anastaafu akiwa nacho. Ameacha karakana yenye mafundi aliowafundisha mwenyewe, na askari vijana wachache ambao sasa wanaombana wenyewe kwa wenyewe zamu za kwenda vijijini. Yeye na Albina wanarudi Masasi, ambako amesema atatengeneza mabenchi. Kwaya ya huko tumekwisha kuitahadharisha.

Juzi tulikwenda naye Nkowe, safari yake ya mwisho kikazi, kwa mzee mmoja ambaye mwanawe alifungwa mwaka jana. Mzee alitusikiliza akiwa amesimama kizingitini, hakutukaribisha, kisha akafunga mlango taratibu. Afande Lipande alingoja kidogo, akavaa kofia. "Mwakani utakuja wewe," aliniambia. Nikamjibu nitakuja.

Afande, kwa niaba ya askari na watumishi wote wa Namkwinde, na kwa niaba ya wengi waliopita humu ambao hawawezi kuhudhuria sherehe hii, tunakushukuru. Tunamshukuru pia Albina aliyetandika kitanda kile bila kuuliza. Afya njema iwe nanyi wote wawili, mlale usingizi wa kutosha, mule mazao ya mikono yenu. Safari za vijijini tuachie sisi. Kwa yule mzee wa Nkowe tutarudi.

Stafu Sajini Sabaha Nangomwa
Mapokezi, Gereza la Kilimo Namkwinde